Maswali Yenu: Ramnagar, mji mdogo wa mto Ganga unaogeuka Ayodhya kwa siku 31

Habari zenu wapenzi wasomaji. Toleo lililopita niliandika vijiaya viwili vitatu tu kuhusu Ramnagar, kamji kadogo huko India kaliko ng'ambo ya mto Ganga mkabala na Varanasi, kwamba kila mwaka mji mzima unaigiza hadithi ya Rama, mchezo unaoitwa Ramlila, kwa siku 31 mfululizo, na nikataja kwamba niliwahi kwenda nikakaa huko karibu wiki mbili za mwisho. Nikadhani yameisha, kumbe ndo nimefungua mlango, maswali yamemiminika mpaka nimeshindwa kuyapanga. Basi leo ukurasa wote ni Ramnagar. Kuna maswali nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yana mengi ndani yake, mengine mistari miwili inatosha.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mimi nasomea fasihi. Sijaelewa hii Ramlila ni tamthilia au ni ibada, na hadithi yenyewe inahusu nini, maana uliandika kama vile wote tunaijua.

Marahaba mwanangu, na samahani, kweli niliruka. Hadithi kwa ufupi ni hivi. Rama ni mwana wa mfalme wa Ayodhya, na kwa Wahindu ni mungu Vishnu aliyeshuka duniani kwa umbo la mtu. Siku ya kutawazwa kwake ilipokaribia mama yake wa kambo akamdai mfalme ahadi za zamani, ufalme ukaenda kwa mdogo wake Bharat na Rama akapelekwa uhamishoni msituni miaka 14, akaondoka na mkewe Sita na mdogo wake Lakshman. Huko msituni Ravana, mfalme wa Lanka mwenye vichwa kumi, akamteka Sita. Rama akapata jeshi la nyani, Hanuman akiwa shujaa wao, wakajenga daraja juu ya bahari, vita ikapigwa, Ravana akafa, Rama akarudi nyumbani akatawazwa. Hiyo ndo hadithi, mtoto wa miaka mitano Ramnagar anaijua yote, na nadhani hapa ndipo jibu la swali lako lilipo: pale hakuna anayekwenda kujua nini kitatokea.

Neno lila maana yake ni mchezo, lakini mchezo wa Mungu, Mungu akicheza duniani. Kwa hiyo ukiwauliza wenyeji kama ni tamthilia au ni ibada wanakushangaa, kwao ni kitu kimoja. Na wewe kwa kuwa unasoma fasihi hili utalipenda: msingi wa yote ni utenzi. Mshairi Tulsidas alianza kuutunga mwaka 1574, unaitwa Ramcharitmanas, na akautunga kwa Kiawadhi, lugha waliyokuwa wakiongea watu wa kawaida wa pande zile, wakati wasomi walishazoea mambo ya dini yaandikwe kwa Kisanskriti. Yaani aliuchukua ule utakatifu akauleta jikoni na shambani, na watu mpaka leo wanaughani kwa kichwa.

Sasa kule Ramnagar kuna wanaume 12 wanaitwa Ramayani, wanakaa chini kwa duara na matoazi na ngoma, wao kazi yao ni kuughani utenzi huo mwanzo mpaka mwisho. Utenzi ni mrefu kweli, hivyo wanaanza siku 10 kabla ya mchezo wenyewe kuanza. Mchezo unakwenda hivi, wanaghani beti kadhaa, wananyamaza, msimamizi mwenye kitabu mkononi anapaza sauti "Chup raho! Saavdhaan!" yaani nyamazeni, kaeni chonjo, na hapo maelfu ya watu wanakuwa kimya mpaka unasikia mtoto akikohoa mbali huko, ndipo mwigizaji anasema maneno yake, taratibu, kwa sauti ya juu kama anayeadhini, kisha ghani inaendelea. Hawaigizi kwa kulia na kurusha mikono kama tulivyozoea kwenye runinga. Maneno yanasemwa, basi. Mwanzoni usiku wa kwanza nilihisi kinapungua kitu, usiku wa tatu nikaelewa kwamba hisia zote ziko kwa wanaotazama, ndio wanaolia, ndio wanaocheka, ndio wanaonyoosha mikono.

Maneno hayo ya waigizaji, yaani yale yasiyo ya Tulsidas, yaliandaliwa karne ya 19 kwa Kihindi cha wakati ule, na mmoja wa walioshiriki ni mtawa aliyeitwa Kashthajihva Swami, mwalimu wa dini wa maharaja, yaani mfalme wa pale. Jina lake maana yake ni mwenye ulimi wa mti. Inasimuliwa kwamba aligombana na mwalimu wake kwa maneno makali, akajuta sana, akajiwekea kipande cha mti kwenye ulimi asiseme tena. Mtu aliyejinyima kusema ndiye aliyewaandikia wengine maneno ya kusema. Mimi hiki kisa sijaweza kukitoa kichwani.

SWALI: Uliandika "mji mzima ni jukwaa". Ulimaanisha nini hasa? Jukwaa liko wapi?

Nilimaanisha hivo hivo nilivyoandika ndugu yangu. Jukwaa halipo, na hapa ndipo Ramnagar inapoachana na Ramlila nyingine nyingi za kaskazini mwa India ambako wanajenga jukwaa kwenye uwanja mmoja na kazi inaisha. Ramnagar, tangu enzi za maharaja Udit Narayan Singh mnamo 1830 na mwanawe wa kulea Ishwari Prasad aliyemfuata, walichukua ramani ya hadithi wakailaza juu ya mji. Kuna mahali panaitwa Ayodhya, karibu na ngome. Kuna Janakpur alikokulia Sita. Kuna Chitrakoot, kuna Panchavati ambapo Sita anatekwa, na huko mbali kabisa nje ya mji kwenye uwanja mpana kuna Lanka. Haya ni majina ya mitaa na viwanja mwaka mzima, mtu anaweza kukuambia nyumba yake iko jirani na Lanka na hatanii.

Kwa hiyo Rama anapohamishwa anahama kweli. Anatoka Ayodhya kwa miguu na watu wanamfuata nyuma barabarani, kina mama wanapandisha pembe za sari usoni wanalia. Hadithi ikisema walifika kwa mwonaji fulani, mnafika, mnakaa chini, mnasikiliza, mnaondoka tena. Kuna usiku mnahama mara mbili tatu, kila mtu anabeba mkeka wake na viatu vyake anakimbilia apate nafasi mbele, matope ya mwisho wa masika yamejaa, wauza karanga wanakimbia na mabakuli yao kichwani nao wanataka wafike mapema. Na wakati wa vita ndo kila siku ni Lanka, kilomita kadhaa kutoka ngome, kwenda na kurudi usiku. Miguu yangu iliniuma siku nne, halafu ikazoea, na nilipoondoka niliikosa ile safari ya kila jioni kuliko hata mchezo wenyewe.

Ndani ya umati kuna watu wanaitwa nemi, ndio wale wa kila siku, siku zote 31 hawakosi, wengine miaka 30 au 40. Utawatambua: wameoga, wamevaa nguo nyeupe safi, wamejipaka marashi, fimbo mkono mmoja, na kwapani wana nakala ya Ramcharitmanas na tochi ndogo, wanafuatilia ghani mstari kwa mstari kwenye kitabu. Nilikaa pembeni ya mzee mmoja, sikijui Kihindi chake chote na yeye Kiingereza chake ni cha kuunga, lakini kila wakighani alikuwa ananiwekea kidole kwenye mstari. Mimi sisomi maandishi yale. Hakujali, kidole kiliendelea kutembea, nikakifuata kidole.

SWALI: Kwa nini hawatumii spika na taa za umeme? Umaskini au?

Hapana, ni uamuzi. Umeme upo mjini na spika zipo, barabarani zinapigwa kila siku. Kwenye lila wanatumia karabai na mienge tu, hakuna mikrofoni, na wanashikilia hivo kwa makusudi kabisa. Faida yake hutaiona kwenye picha. Giza linafanya watu wasogeleane, ukimya unakuwa kazi ya kila mmoja, maana ukiongea wewe kuna mia nyuma yako wamekosa mstari. Na mwisho wa kila usiku kuna arti, ibada ya kuzungusha moto mbele ya miungu, hapo ndo utaelewa giza lilikuwa linatunzwa kwa ajili gani: wale watoto watano wanaoigiza Rama, ndugu zake na Sita wamekaa kwenye kiti chao wametulia kama sanamu, kengele zinalia, watu wote wamesimama, halafu fataki za mwanga zinawashwa kwa mkono pembeni, mwanga mwekundu, kisha mweupe, nyuso zao zinatokea ghafla zikiwa na taji na vipambo vinavyometameta, moshi unapanda, zinadumu dakika hivi, halafu giza. Watu wanapiga kelele "Bol Raja Ramchandra ki jai!" yaani semeni, ushindi kwa mfalme Rama. Ungekuwa umemulikwa na taa za umeme kuanzia saa kumi na moja jioni usingeona chochote hapo.

SWALI: Hao watoto wanaabudiwa kweli? Mimi kama mama nimepata wasiwasi. Ni kina nani, wanapatikanaje, na shule je?

Dada, wasiwasi wako ni wa haki, hata mimi swali langu la kwanza lilikuwa hilo la shule. Wako watano, wanaitwa swarup, maana yake umbo: Rama, Lakshman, Bharat, Shatrughna na Sita. Wote ni wavulana, hata Sita, kwa desturi yao waigizaji wote ni wanaume. Lazima watoke familia za Kibrahmini, na sauti iwe haijabadilika kuwa nzito, hivyo ni watoto wa miaka kama minane mpaka kumi na mitatu hivi. Wanajaribiwa sauti na sura, na neno la mwisho ni la maharaja. Wakishachaguliwa wanahamia nyumba maalumu, wanafundishwa maneno kwa wiki nyingi, wanakula chakula safi cha kidini, na shule inasimama kwa muda, hilo siwezi kukuficha, ni karibu miezi mitatu ukijumlisha mazoezi.

Kuabudiwa, ndiyo, kweli kweli. Taji likishakaa kichwani yule si mtoto wa jirani tena. Hakanyagi ardhi ovyo, anabebwa mabegani na wanaume wanaoona ni baraka kumbeba, watu wazima wanainama kugusa miguu yake, bibi wa miaka 80 anampa ua kwa mikono miwili inayotetemeka. Kabla taji halijavaliwa ni mtoto, anakimbia, anapigwa kelele anywe maji.

Nilimwona aliyekuwa Shatrughna, mdogo kuliko wote, usiku mmoja baada ya arti saa nne imepita. Amebebwa begani, taji bado liko kichwani, vipambo bado vimebandikwa mashavuni, na macho yanafumba. Kichwa kikaanza kuinama taratibu. Yule mbebaji akahisi uzito umebadilika, bila kugeuka akapandisha mkono akaushika mgongo wa mtoto kwa kiganja kilichofunguka wazi, akapunguza hatua. Watu njiani wakaendelea kugusa kile kijiguu kilicholala. Pale niliona vyote viwili, mungu anayebebwa na mtoto anayelazwa, na hakuna aliyeona kuna mgongano. Sikuambii usiwe na wasiwasi, nakuambia tu nilichokiona, walikuwa wanatunzwa kwa upole mkubwa.

SWALI: India ni jamhuri, wana rais na waziri mkuu. Huyo maharaja uliyemtaja ametoka wapi?

Swali zuri sana. Benares, jina jingine la Varanasi, ilikuwa dola ya kifalme, makao yakiwa hapo hapo Ramnagar kwenye ngome iliyojengwa na Balwant Singh mwaka 1750 kwa mawe ya Chunar yale ya rangi ya krimu, inaingia mpaka mtoni. Mwaka 1949 dola hiyo ikaunganishwa na India, na mwaka 1971 vyeo vyote vya kifalme vikafutwa kisheria. Kwenye karatasi hakuna maharaja. Lakini ukae barabarani siku ya lila uone tembo anatokea na mtu aliyekaa juu yake, umati mzima unainua mikono unaita "Har Har Mahadev!" Hilo ni jina la Shiva, mungu mwenye Kashi, yaani Varanasi kwa jina lake la kale, na mfalme wa Benares anachukuliwa kuwa mwakilishi wake. Vibhuti Narayan Singh alikalia kiti hicho tangu 1939 mpaka alipofariki mwaka 2000, na watu wazima wa pale bado wanamtaja kwa sauti ya chini kama baba yao. Sasa ni mwanawe Anant Narayan Singh.

Bila yeye kuwepo mchezo hauanzi. Jua likizama anaondoka kwenda kufanya ibada yake ya jioni, na lila yote inasimama mpaka arudi, watu wanakula, wananunua chai, watoto wanalala. Na kuna jambo moja nimelipenda sana: siku ya Dussehra, siku Ravana anayouawa, maharaja anatoka ngomeni kwa msafara mkubwa wa tembo mpaka Lanka, anapita, halafu anageuza anarudi zake kabla Ravana hajafa. Mfalme hakai kutazama mfalme mwenzake akiuawa, hata kama ni Ravana. Nilipoambiwa sababu hiyo nilinyamaza muda mrefu.

Na Ravana mwenyewe ni nafasi ya kurithi, iko kwenye familia moja. Akishindwa anavua vile vichwa kumi anakwenda mbele ya Rama, mtoto yule, anamgusa miguu. Baadaye usiku ndo linachomwa lile sanamu kubwa la mianzi na karatasi lililojaa baruti.

SWALI: Mji unaonekana ni wa maigizo tu. Mahekalu yapo? Au yote yako Varanasi?

Yapo, na ni makosa yangu kutoyataja. Watu wengi wanavuka kuja kuona ngome wanakunywa lassi ya pale, yaani mtindi wa kunywa, kwenye vikombe vya udongo (nzito, ina tabaka la malai juu, nendeni mkanywe) wanarudi zao bila kuyaona.

La kwanza ni la Durga. Lilianzwa karne ya 18 wakati wa Chait Singh, mwana wa Balwant Singh, ni jiwe lililochongwa kuta zote, ukikaribia unaona safu kwa safu za miungu midogo, wacheza ngoma, wanyama, unaweza kumaliza asubuhi nzima upande mmoja. Mbele yake kuna bwawa kubwa la mraba lenye ngazi za mawe pande zote. Na hapa hekalu na maigizo vinashikana, kwa sababu usiku wa kwanza wa Ramlila bwawa hilo linakuwa bahari ya maziwa, Vishnu amelala juu ya nyoka mkubwa anayeelea majini, na miungu inamwomba ashuke duniani awaokoe na Ravana. Watu wamejaa kwenye ngazi. Mimi usiku huo sikuuwahi, nilisimuliwa na mwenye nyumba niliyopanga, kwa wivu wangu wote.

La pili ni la Vyasa, ndani ya ngome upande wa mto. Vyasa ndiye mwonaji anayesemekana kuitunga Mahabharata, utenzi mwingine mkubwa wa Wahindu. Hadithi inasema aliishi Kashi, akakosa sadaka siku kadhaa mfululizo, kwa njaa na hasira akaulaani mji, Shiva akamfukuza avuke mto akae ng'ambo. Ndo akakaa Ramnagar, akawa anautazama mji anaoupenda kutoka upande huu wa maji. Ukisimama pale hekaluni unaiona Varanasi yote upande wa pili, ngazi zake, moshi wake, na hadithi inakuingia yenyewe. Kutokana na hiyo kuna imani ya zamani kwamba anayefia Kashi anapata ukombozi wa moja kwa moja, lakini anayefia upande huu anazaliwa tena punda! Wenyeji wa Ramnagar wanaijua sana, na katika mwezi wa Magh (kama Januari na Februari) mahujaji wanavuka kuja kumzuru Vyasa ili wajiepushe na hilo.

La tatu nitalitaja mwisho, kuna swali linalihusu.

Na si hekalu lakini usipite bila kuiona: nyumba ya ukoo wa Lal Bahadur Shastri, waziri mkuu wa pili wa India, iko hapo hapo Ramnagar, sasa ni makumbusho. Vyumba vidogo, vya kawaida kabisa.

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni Muislamu, napenda utamaduni. Mtu wa dini nyingine anaruhusiwa kuhudhuria, na atajisikiaje?

Waaleikum salaam. Kuhudhuria unaruhusiwa, unakaa chini na watu unatazama, hakuna anayekuuliza dini. Wanaume na wanawake wana sehemu zao za kukaa. Viatu unavua unapokaribia waliko swarup, na simu ibaki mfukoni, kupiga picha si jambo la pale. Arti ikianza watu wanasimama, wewe simama kwa heshima au kaa nyuma kabisa, hutalazimishwa kitu.

Na hili nadhani litakugusa. Yale masanamu makubwa ya Ravana na wenzake, yanayochomwa mbele ya umati mkubwa kuliko wote wa mwezi ule, yanatengenezwa na familia ya mafundi Waislamu wa hapo hapo mjini, kazi ya baba mpaka mwana. Niliwakuta siku chache kabla ya Dussehra. Mianzi imepasuliwa imerundikwa ukutani, fundi mzee amekaa chini anafunga viungo kwa kamba, anashika mwanzi kwa vidole vya miguu huku mikono inafunga, kijana anapaka gundi ya unga kwenye karatasi za rangi. Sharubu la Ravana peke yake lilikuwa refu kuliko mimi. Adhana ilipolia mzee akaweka kamba chini akaenda, aliporudi akaendelea na sharubu. Sikuona mtu yeyote akiona ajabu. Siku hizi tunasikia habari nyingi za chuki kutoka nchi hiyo na si uongo, zipo, ndo maana naona ni lazima hii nayo iandikwe.

SWALI: Kufika ni vipi? Mwezi gani?

Kalenda yao ni ya mwezi mwandamo, lila inaanza siku ya Anant Chaturdashi na kuisha mwezi ukiwa mpevu, hivyo inaangukia Septemba na Oktoba, tarehe zinabadilika kila mwaka, angalia kabla hujakata tiketi. Fika Varanasi kwa treni au ndege, kisha unavuka. Zamani kulikuwa na daraja la mapipa linaloelea, masika likiondolewa watu wanavuka kwa boti, tangu 2017 kuna daraja la kudumu la Samne Ghat, bajaji inakufikisha. Lila inaanza kama saa kumi na moja jioni na kuisha saa nne usiku au zaidi, hivyo kama unalala Varanasi panga usafiri wa kurudi mapema. Mimi nakushauri ulale Ramnagar. Beba tochi, kitu cha kukalia na viatu vya matope.

SWALI: UNESCO wameitambua hii?

Ndiyo, Ramlila kama sanaa nzima, ilitangazwa 2005 ikaingizwa kwenye orodha ya urithi usioshikika mwaka 2008, na Ramnagar imetajwa humo. Ila niseme, pale mjini sikumsikia mtu akilitaja jina la UNESCO hata mara moja.

SWALI: Mimi nina siku moja tu. Ukiniambia niende siku moja kati ya hizo 31, ni ipi? Usiseme zote.

Nilitaka kusema zote! Haya. Wengi watakuambia Dussehra kwa sababu ya moto, au Bharat Milap, ile usiku ndugu wanne wanapokutana tena baada ya miaka 14 wanakumbatiana njia panda, na kweli ule usiku wanaume wazima walilia karibu yangu mpaka mabega yanatikisika. Lakini mimi nakutuma kwenye kutawazwa.

Usiku ule maharaja hapandi tembo. Anakuja kwa miguu kutoka ngomeni, kwa sababu mfalme leo ni mwingine, na anampa heshima mtoto aliyekaa kwenye kiti cha enzi cha Ayodhya. Halafu hakuna arti. Usiku wote swarup wanakaa pale na watu wanapita mbele yao kuwaona, wengine wamelala chini barabarani, wengine wanaimba vikundi vikundi, chai inachemka kila kona, boti zinaendelea kuleta watu kutoka ng'ambo saa tisa za usiku. Arti inasubiri alfajiri. Mbingu ikianza kuwa ya kijivu, wakati huwezi kusema kama ni usiku au mchana, kengele zinaanza, mwanga mwekundu unawaka, mweupe unafuata, na safari hii unapofifia hauachi giza, unaacha asubuhi, na nyuso za watoto zinaonekana zilivyo, zimechoka, poda imepasuka.

Hapo usiende kulala. Ndani ya ngome kuna lile hekalu la tatu nililosema, hekalu dogo la Hanuman, sanamu lake ni la jiwe jeusi na limeelekea kusini. Mwaka mzima limefungwa, linafunguliwa siku hii moja tu. Nilipanga foleni na watu ambao hawakuwa wamelala, mzee wangu wa kidole yuko mbele yangu na kitabu chake kwapani. Tulisogea kama saa nzima, tukaingia, ukiwa mbele yake unapata muda wa kuvuta pumzi mbili tu, giza, harufu ya mafuta na maua, uso mweusi unang'aa, ukasukumwa nje kwenye jua. Yule mzee akageuka akaniangalia kuhakikisha kwamba na mimi nimeona. Nikatikisa kichwa, nimeona.

Ukiweza kuongeza kidogo, kaa mpaka siku ya 31. Watoto watano wanapelekwa ngomeni juu ya tembo, maharaja anawaosha miguu, anawavisha mataji ya maua, anawalisha, anawaaga. Baada ya hapo taji linavuliwa na wanarudi nyumbani kwao. Kesho yake nilimwona Shatrughna mtaani na kaptula ya shule, anakula muwa.